Mbabula Ibaki Inje

Mama Kunda,

Usilie, mama yako iko muzima. Tunamupeleka ku hospitali na motokari ya jirani. Utufuate na blanketi na uji.

Asubui, juu ya baridi, aliingiza mbabula, jiko yetu ya makala, mu chumba, akafunga mulango. Moshi ya makala! Nikakuta hapumue tena. Nikamuvuta inje, nikafanya kama na ile poupée, mutu ya plastiki yenye siye bainfirmier tunajifunziaka ku recyclage, yenye unachekaka: nikamupulizia pumuzi mu kinywa. Miye, bukwe yake, bwana ya mutoto yake, mwenye juu ya heshima hata sahani sipokeaka mu mukono yake! Kifua ikainuka yenyewe. Ee Mungu.

Mbabula ibaki inje!

~~Usiambie bantu kama nilimugusa.~~ Ambia bote.

Akafungua macho, akaniona, akavuta kitenge, akafunika sura kwa haya. Njo nikajua amerudi.

Papa Kunda