Siku Walipokuja Kunitafuta

Mpendwa Atieno, mtoto wa dada yangu,

Huko Mwanza nadhani sifa zangu zimefika kabla ya barua hii. Hapa Sori hakuna ibada inayoanza kama sijaketi. Hata ziwa hutulia nikikohoa.

Unakumbuka harusi yako, ile miaka ya tisini? Baba yako tulikuwa tumeshamzika Karungu, ukasema ni mimi mjomba wako, Nera kama ulivyozoea kuniita, nitakushika mkono hadi madhabahuni. Wazee wa kanisa wakakataa. Anayemtoa bibi harusi lazima awe mshirika. Nikawaka. Nikawauliza ni nani alibeba mabati ya kanisa hili kwa kichwa kutoka Homa Bay, mvua ikinyesha. Mzee mmoja akajibu pole pole kwamba mabati yaliletwa na lori, na mimi nilikuwa juu yake nimelala.

Nikaja kwako nimenuna. Ulikuwa unaanika omena, dagaa wetu wa ziwani. Nikakwambia miaka yote hii nakaa benchi ya mbele, wanataka nini tena? Ukacheka.

"Nera, hata mgeni hukaa mbele. Mshirika ni yule akikosa Jumapili moja, watu wanamtafuta."

Basi nikabatizwa ziwani kwa ajili yako. Wanasema nilimkaba pasta shingo tukazama wote wawili. Mimi nasema nilikuwa namwokoa, kiboko alikuwa karibu. Jumamosi iliyofuata nikakupeleka madhabahuni, suti ya kuazima imenibana mabega, kina mama wanapiga vigelegele, mpaka bwana harusi akaniomba mara mbili nikuachilie.

Jioni ukaenda zako. Kesho yake sikuonekana kanisani. Saa saba hivi nikasikia nyimbo mlangoni: kwaya nzima, pasta, hata yule mzee wa lori.

"Mshirika wetu, uko mzima?"

Nikajibu kwa dirisha kwamba nimefunga, naombea ndoa yako. Wakaimba tena, wakaniachia samaki na ugali nje, wa kufungulia. Mfungo ule bado unasifiwa huku.

Msalimie bwanako na watoto, mkae kwa amani. Lakini wewe siwezi kukudanganya. Suti ilikuwa imerudi kwa mwenyewe, na suruali yangu moja tu ilikuwa kwa kamba, bado inadondoka maji. Walinitafuta, Atieno, vile ulisema. Nililia kwa furaha nyuma ya ule mlango, nimejifunga leso ya mke wangu kiunoni.

Nera wako,
mshirika wa Sori