Salamu ya Nasieku

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hapo Mbulumbulu mnaendeleaje? Kifua cha mama kimepata nafuu? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechafuka. Tumetengwa na msitu tu, lakini kufika kwako ni kuzunguka kutwa nzima, kwa hiyo hasira hii naituma kwa posta.

Unajua nafundisha siasa darasa la sita huku Ngorongoro. Muhula huu tumesoma haki zilizoingizwa kwenye katiba mwaka 1984: mtu ana haki ya kusema analofikiri, na mali yake haichukuliwi hivi hivi bila fidia. Watoto hawa wa wafugaji hawakariri tu, wanauliza. Nikawaambia kuuliza nako ni haki yao.

Juzi alikuja mkubwa mmoja kukagua shule, akawataka watoto waulize maswali. Nasieku, binti wa boma la jirani, akatoka mstarini na kuinamisha kichwa mbele yake. Huku mtoto humsalimu mkubwa hivyo, na mkubwa humgusa utosini. Yule bwana akabaki mikono mfukoni. Mtoto akangoja weee, mwishowe akauliza, "Mahindi ya mama yalifyekwa. Katiba inasemaje?"

Baba, kulima kumekatazwa huku, na bustani yenyewe haizidi zizi letu. Njaa ndiyo iliyomfundisha yule mama jembe. Askari wa hifadhi wakaja kuyafyeka mahindi yakiwa yametoa mbelewele. Wewe ni mkulima, huhitaji nikueleze.

Bwana akacheka. "Haki hizo zimeahirishwa miaka mitatu, hazijaanza kutumika. Na mtoto huyu hana adabu. Mwalimu, mchape."

Hazijaanza kutumika! Fimbo ilianza kutumika zamani. Nikakataa mbele ya shule nzima. Akaamuru Nasieku asikanyage darasani mpaka achapwe, na mimi nijiandae kuhamishwa.

Najua utasema mwenye nguvu mpishe. Umempisha maisha yako yote, Baba, na shamba letu limebaki kipande. Usiniambie niombe radhi.

Kesho yake, bwana akinywa chai kwa mwalimu mkuu, baba yake Nasieku akaja na binti yake. Akasema kwa Kimaasai. Mwalimu mkuu, mwana wa hapa hapa, aliyeiona ile salamu na kunyamaza, ikabidi atafsiri mwenyewe: "Mzee anasema fimbo ichapwe. Ila ianze na mtu mzima aliyekataa salamu ya mtoto."

Hakuna aliyeishika fimbo. Bwana aliondoka chai haijaisha. Nilipoingia darasani, watoto wote wakainamisha vichwa, Nasieku mbele. Nikawagusa mmoja mmoja, kipindi kikaishia hapo.

Uhamisho nausubiri. Mpe mama pole yangu, na shangazi anayeniombea kanisani aendelee, nahitaji. Kaka naye aniwekee mbegu ya mahindi. Mama yake Nasieku anasema atapanda tena, na mimi sina mdomo wa kumkataza.

Binti yako mkaidi,
Paulina