Wasinipumzishe

Akheri,
Arusha.
14 Julai 1996

Mpendwa mdogo wangu Efraimu,

Amani ya Bwana iwe nanyi huko Mwanza. Hamjambo wote? Kile kifua chako kimepoa? Huku baridi ya Julai ni ileile unayoijua, mlima hatujauona wiki nzima. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu hata kwa haya.

Dada yetu Namsifu tumemzika Jumanne, kando ya baba. Najua habari ilikufikia kwa kuchelewa, wala sikulaumu. Nimelia mpaka macho yamekauka.

Ulimjua alivyokuwa, mtu asiyekaa chini. Baridi yabisi ilipomshika magoti, watoto wake walimpeleka kwao Lemara wakamkalisha kwenye sofa mpya. Chai analetewa, maji analetewa, hata kanga anafungwa. Hawakumtendea vibaya, walimpenda. Nilipomtembelea Pasaka hakuweza tena kufika mlangoni. Akaniambia taratibu, "Ndeshi, wamenipumzisha mpaka nimechoka."

Mimi ninao ugonjwa huohuo, unajua. Yule dada wa mazoezi hospitalini alinikataza kukaa tu. Asubuhi naloweka mikono kwenye maji ya vuguvugu, nakunja na kukunjua vidole mpaka vikubali kushika kikombe. Kabla sijasimama nanyoosha miguu. Kisha natembea hadi mferejini polepole, na fimbo ya marehemu shemeji yako. Goti likivimba napumzika, na jembe nimewaachia wenye magoti. Inauma, sitakudanganya, siku nyingine nawanunia hata kuku. Lakini majani ya ng'ombe nilikuwa nakata mwenyewe, na ibadani naenda kwa miguu yangu.

Sasa sikia. Kwenye matanga mwanangu Abdiel, ambaye tangu biashara zifunguliwe ana duka la vipuri mjini, alisimama mbele ya ukoo akasema, "Mama yangu hatateseka kama mama mkubwa. Namchukua kwangu Moshono, hatagusa kazi tena." Watu wakampigia makofi. Utamwaibishaje mbele za watu mtoto anayekuheshimu?

Ng'ombe amekwisha kwenda kwa jirani yetu Thomasi. Gari litakuja kunichukua mwisho wa Agosti. Nimejaribu kumweleza Abdiel tukiwa wawili, anacheka tu, "Mama, umehangaika vya kutosha," huku akinipapasa mabega kama mtoto mchanga.

Wewe ni mjomba wake, hawezi kulivuka neno lako. Mwandikie, au mpigie simu dukani. Kama ni kuhama nitahama, ila aniachie jiko nipike, aniache nitembee, nisiletewe kila kitu. Naogopa, Efraimu. Nikikalishwa kama dada, ukija Krismasi sitaweza kuinuka kukupokea.

Nisalimie wifi yangu Eliaichi, pamoja na Solomoni na Hans. Mungu awatie nguvu miguuni na awalinde mtokapo na muingiapo.

Dada yako akupendaye siku zote,
Ndeshi