Kamera ya Kuinamia

Kibeta, Jumanne

Wamemsifu yeye tena! Leo ofisi ilitutuma Buganguzi, mimi na Deo, kuwapiga picha wanakijiji wakivuna kahawa kwenye shamba la ujamaa. Deo amepewa ile kamera kubwa ya lenzi mbili. Inakaa tumboni, na ili uone picha lazima utazame chini kwenye kioo chake. Mimi nina yangu ndogo ya kuweka jichoni.

Wazee walipomwona ameinamisha kichwa mbele yao, wakafurahi. "Huyu kijana ana adabu, jamani waitu," akasema mmoja. Mimi wakaniambia niache kuwalenga kama mwindaji.

Adabu gani! Anatafuta fokasi tu. Na alivyo mjanja, akazidi kuinama.

Kwa wivu, matoke ya mchana niliyaacha sahanini. Naogopa safari ijayo watamtuma peke yake.

Jioni nikamkaribisha hapa nyumbani. Mama, ambaye miaka yote amekataa nisimpige picha, aliposikia ya wale wazee akajifunga kitenge kipya, akaketi mlangoni. Nikakimbilia kamera yangu.

"Wewe kaa," akasema. "Namsubiri mwenzako anayeinama."