Gari Siuzi, Kaka

S.L.P. 46,
Muheza.
21 Aprili 2024

Mpendwa Kaka Zebedayo,

Shikamoo. Hamjambo huko Songea? Wifi Beatrisi kifua chake kimepoa? Sisi huku Amani tu wazima, ila mama magoti yanamsumbua na mvua hizi.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu kila nikitaja gari unanikatiza: "Uza, Praxeda." Leo utasoma mpaka mwisho.

Ni kweli kioo cha dereva kiligoma. Jumanne nilikuwa nateremka Muheza na abiria wanne, mvua ikatushika kwenye kona. Nikabonyeza swichi, kioo hakipandi. Fyuzi imeungua. Nilifika nimelowa bega hadi kiatu, na abiria mmoja akaapa hapandi tena gari langu. Nawe unajua ndilo linalotulisha mimi na mama.

Fundi Tahiri akaufungua mlango, akaweka fyuzi mpya. Ikaungua. Ya pili, ikaungua. Akasema, "Dada, tufunge kipande cha waya badala ya fyuzi, shida itakwisha."

"Na nyaya zikiwaka watu wamo ndani?" nikamwuliza.

Basi akasema mota ya kioo imekufa na gari lenyewe limechoka. Baba mdogo Manase, anayelimezea mate siku zote, akadakia, "Mpe mwanamume, atalimudu."

Kaka, masikio yaliniwaka. Nikaomba bisibisi. Nikabandua ubao wa mlango, nikachomoa waya wa mota kabisa, nikaweka fyuzi. Ikaungua vilevile! Mota iliyochomolewa itaunguzaje fyuzi?

Nikafunga mlango, nikaweka nyingine. Ikakaa. Nilipoufungua tu, ikakatika. Hapo nikajua. Nikavuta ile raba iliyo karibu na bawaba, inayopitisha nyaya kwenda mlangoni. Waya mmoja umechubuka, shaba iko nje, na kila mlango ukifunguka inagusa bodi.

Tahiri ni muungwana, alikubali kosa. Akaunga waya, akauzungushia tepu, tukaweka fyuzi ya namba ileile. Kioo kikapanda hadi juu. Nikaufungua na kuufunga mlango mara ishirini, makusudi, baba mdogo akitazama. Aliondoka bila kuaga.

Kwa hiyo akikupigia tena, mwambie kadi ya gari ina jina langu. Likiharibika nitalifungua, nikishindwa nitauliza. Kuuza, siuzi. Nawe ukija Desemba nitakufuata stendi, lakini utakaa kiti cha nyuma. Cha mbele ni cha wanaoniamini.

Nisalimie wifi, na Devota na Daniel, uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anakuombea: Mungu awape afya na mahindi ya kutosha.

Wako akupendaye, hata ukinuna,
Praxeda