Ngoma Iliyopasuka Chwaka

Shoga yangu Mwanaisha,

Usinicheke mwandiko. Nina miezi minne tu kisomoni, na ni wewe uliyenikokota nikajiandikishe. Mungu akurehemu, barua yangu ya kwanza nakuandikia wewe usiyeweza kuijibu.

Likizo kubwa imefika na bendi ya vijana wa mtaa imezunguka vijiji vya shamba kama kila mwaka, lori lile lile, kulala madarasani. Nimekwenda kuwapikia bila yako. Mbuzi yako ya nazi nilipewa na mwanao Zuhura, naye sasa yumo bendini. Siku ya kwanza nilitia chumvi mara mbili, maana muonjaji ulikuwa wewe. Hakuna aliyelalamika, ila walikunywa maji mpaka pipa likakauka. Mchele siku hizi ni wa foleni, kwa hiyo tumepika muhogo zaidi kuliko wali. Ungenuna.

Nina jambo la kukwambia, nalo unalijua kuliko mimi.

Unakumbuka kwamba ngozi za ngoma zikilegea kwa unyevu huletwa jikoni, kwa sababu moto ni wa wapishi. Kazi ile ilikuwa yangu. Wewe harufu ya ngozi ikipata moto ilikuchafua roho, ukichukua mbuzi yako na kwenda kukuna nazi upande usio na moshi, umejiziba pua kwa kanga. Sasa siku ile ya Chwaka, miaka mitatu iliyopita, niliiegemeza ngoma kubwa karibu na mafiga, nikaanza kukuhadithia harusi ya kule mtaa wa Amani, bi harusi alivyozimia mbele ya wakwe. Nilinogewa. Tulisikia mlio mmoja tu, na ngozi ilikuwa imechanika katikati.

Mwalimu Haji, kiongozi wa bendi, alikuja mbio bila viatu. Sijafungua kinywa, ukasema, "Ni mimi, Mwalimu. Nimejisahau."

Nilipokuuliza baadaye hukuacha hata kukuna nazi. "Bwana Makame keshakwambia ukileta kisa kimoja ndiyo safari yako ya mwisho. Wewe una mume wa kukuzuia. Mimi mjane, nnazuiwa na nani?"

Jioni vijana walipiga pipa tupu la mafuta badala ya ngoma, na watu wa Chwaka walicheka sana. Tangu hapo ukawa Bi Mpasua Ngoma. Uliitwa hivyo barabarani, sokoni, mpaka foleni ya mchele. Ulicheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Hilo ndilo linaloniuma. Kunyamaza nilikuwa na sababu, lakini kucheka je?

Homa ilipokuchukua kwa siku tano tu, nilikaa matangani na kanga yako mapajani. Mpiga tarumbeta mmoja akasema, "Tumempoteza Bi Mpasua Ngoma wetu." Alisema kwa mapenzi, watu wakatabasamu huku wanalia. Zuhura aliinamisha kichwa. Bwana Makame alikuwa nje, mkekani na wanaume wenziwe, na mimi nilinyamaza tena. Nisamehe.

Mwaka huu, tuko Chwaka, mchana, nagawa chakula, yule yule wa tarumbeta akasema ngoma zetu leo salama, Bi Mpasua hayupo, Mungu amrehemu. Nikasimama na upawa mkononi. Nikasema, aliyepasua ni mimi.

Wakageuka kunitazama. Kisha Mwalimu Haji akanijibu kwa upole, "Bi Kibibi, mapenzi yako kwa marehemu tunayajua. Kaa ule, nawe umechoka."

Hawakuniamini, shoga. Niliapa. Wakazidi kunisifu, eti huo ndio ushoga, hata kaburini anamsitiri mwenziwe. Sijapata kukasirika hivyo. Nimesema kweli baada ya miaka mitatu, nikashukuriwa kwa uongo.

Aliyeniamini ni mmoja. Zuhura aliweka sahani chini akatoka, nami nikamfuata hadi nyuma ya darasa.

"Mama harufu ya ngozi ikimtapisha," alinambia. "Nlijua siye. Nlimuuliza, akanambia nsimchimbe." Kisha akanitazama. "Na wewe ulikuwa ukicheka nao."

Nikasema naam, nilicheka.

Siku mbili hakugusa chakula changu. Alinunua mandazi kijijini akala peke yake, na mimi nikawa napika huku natazama mlango wa darasa lao. Nilijiambia haki yake. Lakini iliniuma, Mwanaisha, kumwona mwanao anakula mandazi makavu na sufuria yangu imejaa.

Bwana Makame nilimwambia tuliporudi mjini. Aliomba chai, akanywa nusu kikombe. Akasema, "Basi mwakani mchukue ngoma mbili." Ndiyo hayo tu. Miaka mitatu umebeba jina langu kwa kuogopa jibu lile, na mimi sikuwahi hata kumjaribu.

Lakini nilichokaa kukuandikia hasa ni cha Fumba, kituo chetu cha mwisho. Mvua ilinyunya mchana, ngozi zote zikalegea, na watu wameshaanza kukusanyika uwanjani. Vijana waliweka ngoma zao jikoni kama kawaida wakenda kuvaa. Zuhura alikuja wa mwisho. Sasa ndiye mpiga ngoma ndogo, na haachi mtu aishike. Alisimama mbele yangu kidogo, halafu akaniwekea ngoma yake mikononi.

"Nikaushie, mama."

Hajapata kuniita hivyo. Siku zote mimi ni Bi Kibibi.

Nakuahidi mambo mawili. Kila mwaka tukifika Chwaka nitasimama na upawa wangu niseme tena, mpaka waamini au wanichoke. Na Zuhura hatakula mandazi makavu nikiwa hai. Alhamisi nitakuja kukusomea Fatiha na kung'oa majani, yameota upande wa miguuni. Kwa sasa nakuaga, shoga yangu.

Ile ngoma ya Zuhura sikuiegemeza popote. Wanawake wa Fumba waliniita nikasikilize kisa cha jirani yao, nikawaambia wanihadithie kesho. Niliishika kwa mikono miwili, nikaigeuza taratibu mbali kidogo na moto, sikusema na mtu mpaka ngozi ikakaza.

Wako,
Kibibi