Barua ya Chérie na Daftari la Mahudhurio

MAELEZO YA SHAHIDI kuhusu kupigwa kwa Dan, kiongozi wa darasa
Kituo cha polisi, Likasi, Ijumaa tarehe 16 Mei 2025, saa tatu asubuhi
Jina: Émérence. Umri: miaka 22. Kazi: mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili. Makazi: Shituru.

Mimi sijawahi kukosa darasa. Natembea kwa mguu kutoka Shituru, na jina langu huwa la kwanza kwenye daftari la mahudhurio, kwa kuwa kwetu anayefika wa kwanza ndiye hulifungua. Hata nilipokuwa na malaria nilikwenda.

Mnamo Jumatatu tarehe 12, saa mbili asubuhi, mwalimu alitueleza kwamba mwenzetu Chérie ameleta barua ya daktari. Ana selimundu, na maumivu humlaza siku nyingi. Siku alizokosa hazitahesabiwa. Barua ikawekwa ndani ya daftari, ili ofisi iione itakapopanga orodha ya mtihani. Niliona wivu, Komanda, nasema wazi.

Mapumzikoni Chérie alinijia: «Mukubwa, jana mifupa iliniluma sana. Uniazimiye kaye yako.» Nilimwazima hiyo kaye, daftari langu la masomo. Muhula uliopita alinizidi alama mbili, akiwa amesoma maandishi yangu yale yale.

Jana Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani ilibandikwa mlangoni. Chérie hakuwamo. Dan, ambaye hulitunza daftari la mahudhurio, alilipekua, akasema, «Barua haiko. Minye nifanye je?» Chérie alikaa kwenye ngazi akishika goti. Saa tano akaja kaka yake, Jimmy. Alimwambia Dan, «Weye njo ulificha barua ya mutoto wetu,» akampiga ngumi mbili mdomoni. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao.

Dan hana kosa. Barua niliitoa mimi, Jumanne saa moja asubuhi, nikiwa peke yangu na daftari. Sikuichana. Hii hapa. Mtihani ni leo saa sita mchana. Naomba imfikie kabla.

Saa hizi wenzangu wako kwenye marudio, na daftari amelifungua mtu mwingine. Ni siku yangu ya kwanza kukosa, nami sina barua.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya.
Sahihi: Émérence

Dokezo la afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali. Chérie ameitwa, naye amekabidhiwa barua hapa kituoni, saa nne na dakika kumi. Ameacha kaye ya shahidi, akisema: «Mumupatiye, na yeye iko na examen.» Shahidi anabaki kituoni.
Édouard, afisa wa polisi